Matundu Mawili ya Ubavuni

Kati ya nyumba ya Véronique na nyumba ya Bernadetha, pale Kaniha, hapakuwa na ua. Palikuwa na njia nyembamba tu iliyokatiza migombani, imekanyagwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu, na katikati ya njia lilikuwepo jiwe bapa la kutosha watu wawili kuketi. Hapo ndipo wazee hao wawili walipomenyea ndizi za mchana, kila mmoja na beseni lake, na hapo ndipo walipotegeana vitendawili tangu watoto wao wakiwa hawajui kufunga vifungo vya shati.

"Kitendawili!" alisema Bernadetha Ijumaa ile, kisu kikiwa kinatiririka utomvu.

"Tega."

"Waliingia wamevaa manjano, wakatoka wamevaa kanzu nyeupe, na mlango ulikuwa ukinguruma."

Véronique hata hakuinua kichwa. "Mahindi mashineni. Hicho ulinitegea kwenye msiba wa mzee Ndassa."

"Mimi? Nitege vitendawili msibani, nina wazimu?"

"Ulinitegea kwenye foleni ya chakula. Na ukacheka mpaka katekista akageuka."

Wakacheka tena, safari hii bila katekista. Bernadetha alikuwa Msubi wa hapohapo, babu zake wamezikwa nyuma ya nyumba. Véronique aliletwa mgongoni kwa mama yake akiwa mtoto mchanga, wakivuka mto kutoka upande wa Rwanda, na hata alipoolewa na kuzaa, wapo waliomwita mgeni. Zamani watu wa nyumba moja hawakukanyaga kwa nyingine. Waliovunja mwiko ni watoto. Sostenes wa Bernadetha na Jean Paul wa Véronique walikuwa wakikimbizana migombani na mpira wa makaratasi, na miguu yao ndiyo iliyoichora njia ile. Mama zao wakafuata nyuma, kwanza kwa kuita watoto waje kula, baadaye kwa kuombana chumvi, mwishowe kwa kuketi tu.

"Zamu yangu," Véronique alisema. "Jembe lake jeupe, shamba lake halina udongo, na tuta alilolima linayeyuka kabla hajafika ng'ambo."

Bernadetha aliinua macho juu. Mbali, juu ya mawingu yenyewe, mstari mweupe ulikuwa ukienda kusini, mwembamba kama uzi.

"Ndege," alisema. "Na mwanangu ndiye aliyemkagua asubuhi kama amenawa uso."

Hakuwa anajisifu bure. Sostenes alikuwa mtu wa kwanza wa Kaniha kusomea ufundi wa ndege. Alikuwa mkaguzi katika karakana moja ya ndege huko mjini. Ndege ikitengenezwa, yeye ndiye anayepita wa mwisho na tochi yake, na bila sahihi yake haitoki nje. Na aliposikia wanatafuta mpiga rangi, hakwenda mbali kutafuta. Alimkumbuka Jean Paul, ambaye wakati huo alikuwa anapaka rangi madgadi za pikipiki na kuandika majina ya maduka Biharamulo mjini. Alimdhamini kwa jina lake mwenyewe. Bernadetha alizoea kusema kwamba mwanawe mmoja anazifanya ndege ziruke na mwingine anazifanya zipendeze.

"Na huyo mwingine yuko wapi leo?" Bernadetha aliuliza. "Tangu afike juzi sijamwona akija kunisalimia. Likizo gani hii ya kujifungia?"

"Amechoka. Analala."

Simu ikalia ndani ya kanga ya Bernadetha. Akafuta mkono, akapokea kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, maana hivyo ndivyo alivyopokea simu siku zote. "Baba! Sostenes! Marahaba, marahaba..." Halafu sauti ikashuka. Halafu ikakatika. Véronique alisikia tu sauti ya kiume, ndogo, ikisema kitu kirefu.

Simu ilipokwisha Bernadetha aliendelea kuishika sikioni.

"Wamemsimamisha kazi," alisema. "Ndege aliyoisaini imekosana na nyingine huko juu. Wanasema Jumatatu anakaa mbele ya watu wamhoji. Mama Jean Paul, kukosana ni nini? Zimegongana?"

"Zingegongana tungesikia redioni."

"Basi kosa liko wapi?" Bernadetha alisimama, ndizi zikamwagika kutoka mapajani. "Twende tukamwulize Jean Paul. Yeye anakijua hicho kiwanda."

Wakaenda. Jean Paul alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mikono ameikalia. Aliposikia swali aliinuka kwa heshima, akasema shikamoo, akapokea marahaba, kisha akasema, "Sijui, mama. Mimi ni mtu wa rangi tu." Alilisema hilo akitazama miguu ya Bernadetha. Bernadetha akamshika bega, akamwambia asihangaike, yeye apumzike, na akaondoka akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Véronique alibaki amesimama. Alikuwa amemzaa huyu kijana na kumfundisha kazi, na alijua mikono yake kuliko alivyojua uso wake. Mikono ya Jean Paul haikuwahi kutulia. Ikikosa brashi itachukua kijiti, ikikosa kijiti itachora vumbi. Sasa alikuwa ameikalia kama mtu anayekalia kuku asitoroke.

*

Kesho yake, Jumamosi, mbuzi aliingia sebuleni akakwaruza ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa wa imigongo, ile kazi ya kwao Véronique: mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, yanafinyangwa juu ya ubao kuwa matuta membamba, yanaachwa yakauke, yanasuguliwa kwa jiwe mpaka yanakuwa laini, ndipo yanapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mama yake alimfundisha, naye akamfundisha Jean Paul, ingawa watu walicheka kuona mtoto wa kiume anashika mavi ya ng'ombe. Kazi hiyo ina masharti mawili. La kwanza, upande wa kushoto na upande wa kulia lazima viwe sawa kama mashavu ya mtu mmoja; ukigusa huku, uguse na kule. La pili lilikuwa la Véronique mwenyewe: mgeni asikute kidonda ukutani. Pakibanduka, hata kama mgeni ameshafika kwenye migomba, unaziba, unasugua, unapaka, unafungua mlango ukitabasamu.

Pembe ya mbuzi ilikuwa imebandua kipande cha ukubwa wa punje ya harage.

"Mwana wanjye," Véronique aliita kwa lugha ya mama yake, "njoo uzibe hapa. Kesho baada ya misa Mama Sostenes atapita, na macho yangu hayaoni vizuri."

Jean Paul akaja. Akautazama ubao. Akanyoosha kidole mpaka karibu kugusa, akakirudisha. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Siwezi," alisema. "Mama, usiniambie nizibe kitu. Ndicho nilichofanya."

Akatoka nje, naye Véronique akamfuata. Juu kulikuwa kweupe, bila wingu, na ndege mbili zilikuwa zinapishana, ya huku inakwenda kusini, ya kule inakuja kaskazini, mistari yao ikikatana kama kanga iliyokunjwa. Kutoka chini ungesema zimegusana.

"Unaziona zile?" Jean Paul alisema. "Moja iko juu ya mwenzake. Zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi, huko juu kabisa walikuwa wanaziachia nafasi ya futi elfu mbili. Halafu anga ikajaa. Ndege zote zinataka kupita kimo kilekile, maana huko hewa ni nyepesi na mafuta hayaliwi sana. Wakakaa wakubwa wa nchi zote, wakapunguza nafasi. Sasa ni futi elfu moja."

"Elfu moja ni kama nini?"

"Kama kutoka hapa mpaka zahanati. Ila kwenda juu."

Véronique akatazama upande wa zahanati. Hapakuwa mbali, alikwenda huko na kifua chake bila kupumzika njiani. "Na zinakimbia."

"Ukipepesa jicho imeshapita."

"Sasa nani anashika kamba ya kupimia?"

Jean Paul karibu atabasamu. "Hakuna kamba, mama. Ndege inasikiliza. Ubavuni mwake, huku na huku, ina matundu madogo, hata kidole hakiingii. Hewa ya chini ni nzito, ya juu nyepesi. Tundu linasikia uzito wa hewa, linaipelekea saa iliyo mbele ya rubani, na saa inasema uko kimo fulani. Saa ziko mbili, moja inasikiliza kwake, nyingine kwake. Rubani anazilinganisha. Zikitofautiana anajua kuna inayodanganya, anaita chini, anasema mimi siwezi kushika nafasi hii ndogo, nao wanamshusha kwenye ngazi za chini, apite peke yake. Ndiyo maana walikubali kuzisogeza karibu. Kila moja inajua kimo chake, na isiyojua inasema."

Mistari ile miwili juu ilikuwa imeanza kuvimba na kufutika.

"Kuzunguka kila tundu," aliendelea, "wamechora mstari mwekundu. Ndani ya mstari huo haruhusiwi mtu. Hakuna rangi ya kuongeza, hakuna stika, hakuna kusugua. Ukiona hata mkwaruzo unamwita mkaguzi anakuja kupima. Maana ngozi ikiinuka kidogo tu, unene wa ukucha, hewa inajikwaa pale, tundu linasikia vibaya. Nilifundishwa. Sostenes mwenyewe alinionyesha kwa kidole."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nabandua rangi ya zamani. Kikwangulio kikateleza, kikaingia ndani ya mstari, kikachimba. Kidogo. Kama harage." Alitazama mlango wa nyumba, kule ulikokuwa ubao. "Wenye ndege walikuwa wanakuja kuichukua jioni ileile. Wamevaa suti, mama, na Sostenes ndiye anayewapokea. Nikasema nikimwita sasa, ndege haitoki, na watamwuliza ni nani huyu uliyetuletea. Nikaziba kwa puti. Nikasugua kwa msasa. Nikapaka."

Véronique akakaa kwenye kigoda.

"Halafu nikarudi nyuma nikatazama," alisema Jean Paul, "na nikaona upande wa kushoto umependeza kuliko wa kulia. Umejaa zaidi. Nikazunguka kule, nikaweka na kule kiasi kilekile. Zikawa sawa."

Véronique alikuwa ameelewa kabla hajaelezwa. Kama angeziba upande mmoja tu, saa moja ingesema hivi na nyingine vile, rubani angeshtuka siku ya kwanza. Lakini alikuwa ameziba kama alivyofundishwa nyumbani, huku na kule. Saa mbili zikapotoka pamoja, zikakubaliana, na rubani akiziangalia anaona ndugu wawili wanaosema kitu kimoja. Hata kile king'ora cha ndani ya ndege, Jean Paul alisema, kile cha kuonya kwamba kuna mwenzako karibu, nacho kinakula kutoka sahani hiyohiyo. Kikanyamaza.

"Na Sostenes hakuona?"

"Alipita na tochi. Akapitisha na kidole. Nilikuwa nimesugua vizuri sana, mama." Hapo ndipo alipolia. "Ningefanya ovyo angeona."

Ndege ile iliruka wiki nzima ikidhani iko mahali isipokuwepo. Ile nafasi ndogo iliyobaki, yenyewe ilikuwa imekula nusu yake. Halafu siku moja, juu ya nchi ya watu, ikapishana na ndege nyingine kubwa, na upepo wa kubwa ile ukaikamata ikarushwa kama ungo. Abiria waliokuwa wamejifunga walipona. Mhudumu mmoja, msichana wa watu, alikuwa amesimama anagawa chai. Alipiga dari, akaanguka vibaya. Hatembei.

"Anaitwa nani?" Véronique aliuliza.

"Nimpaye."

Akalirudia jina hilo polepole. Lilikuwa jina la upande wa kwao, upande wa mto uleule.

*

Sasa kilichobaki kilikuwa kimoja, na Véronique alikiona wazi. Jumatatu Sostenes atakaa mbele ya watu, aulizwe kwa nini ubavu wa ndege aliyoisaini umevimba, naye hatakuwa na jibu, maana hajui. Jean Paul akisema, angalau watajua kwamba Sostenes hakupokea kitu kwa mtu wala hakulala kazini. Asiposema, mtoto wa Bernadetha atazama kwa kosa ambalo hata hajalielewa.

"Mpigie simu," alimwambia mwanawe. "Sasa hivi."

"Mama, ngoja Jumatatu ipite. Pengine watamsamehe. Ana miaka mingi pale, wanampenda. Akisamehewa, yote yamekwisha, na hakuna mtu aliyeumizwa."

"Na Nimpaye?"

Jean Paul akasema lile lililomchoma Véronique kuliko yote: "Na ukimwambia Mama Sostenes, utakaa na nani pale kwenye jiwe?"

Hapo Véronique angeweza kuvaa kandambili zake na kuivuka njia. Ni hatua chache, jua lilikuwa bado liko juu. Hakuvuka. Aliingia ndani, akakoroga majivu na mavi ya ng'ombe, akaziba lile tundu la ubao yeye mwenyewe, akasugua kwa jiwe, akapaka nyeusi. Akapapasa upande wa pili ili kuhakikisha viko sawa.

Jumapili baada ya misa Bernadetha alikuja na bakuli la kisamvu cha karanga, limefunikwa kwa sahani.

"Nimemletea Jean Paul," alisema. "Amekonda. Huyu naye ana uchungu wa mwenzake, mimi namwona. Wale ni ndugu." Akaketi chini ya ubao. "Nimemwomba padre aombee. Ameniuliza nia gani, nikamwambia mwanangu anasingiziwa. Kuna mtu pale kazini ana kijicho naye. Tutamjua tu."

"Kula na wewe, Mama Sostenes."

"Chakula hakipiti." Akageuka kuutazama ukuta, maana macho yake yalipenda kukaa hapo. "Wewe na huu ubao wako! Kila nikija ni kama jana umeukamilisha. Wangu wa nyumbani umeshabomoka wote, mimi na mikono yangu ya kulimia mihogo."

Jean Paul alikula kisamvu kile. Véronique alimtazama akimeza, tonge baada ya tonge, mpaka bakuli likaisha, kwa sababu kuacha chakula cha Mama Sostenes kungezua maswali. Alipomaliza alikwenda nyuma ya nyumba akaliosha bakuli. Kisha akaja, akaomba simu ya mama yake kwa kuwa yake haikuwa na salio, akapiga.

Véronique alisikia upande mmoja tu.

"Kaka. Ni mimi... Ndani ya mstari. Mimi... Pande zote mbili... Ndiyo. Kwa puti." Jogoo akawika, mtu akapita barabarani na baiskeli inayolia mnyororo. "Kaka, uko hapo?... Nitakuja. Nitasema mbele yao... Ndiyo, kaka... Ndiyo."

Akairudisha simu kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani.

"Amesemaje?"

"Amesema asante kwa kumwambia. Anasema alikuwa ameanza kudhani ana kichaa." Jean Paul alikaa kwenye vumbi. "Na anasema nisije. Wataniuliza kwa simu. Haitabadilisha kitu, anasema, maana kazi ya mkaguzi ni kuona, na yeye hakuona. Kosa langu linaongezeka tu juu ya lake, halilipunguzi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu waliulizwa wote wawili, mmoja ana kwa ana, mwingine kwa simu huku amesimama migombani akitafuta mtandao. Watu wale hawakuwa wakali. Jean Paul alisema mmoja hata alimwita kijana wangu. Kufika Jumatano mambo yalikuwa yamekatwa. Jean Paul asikanyage tena kwenye karakana, na polisi watamwita watakapomhitaji. Sostenes amenyang'anywa leseni. Kusaini hawezi tena, pale wala pengine, na mtu aliyesomea kusaini ndege hana kingine cha kusaini.

*

Alhamisi Véronique alichukua beseni lake na kisu, akaenda kwenye jiwe. Bernadetha alikuwa ameketi tayari, ila hakuwa anamenya kitu. Uso wake ulikuwa umeingia ndani.

"Anakataa kuniambia," alisema bila salamu. "Namwuliza, nani amekufanyia hivi, ananijibu mama usiulize. Mtoto niliyemnyonyesha miaka miwili. Ananiambia usiulize."

Véronique alikuwa amelala macho wazi akipanga maneno, na yote yalimtoroka. Akabaki na njia moja tu ya kusema aliyoizoea mahali pale.

"Kitendawili," alisema.

Bernadetha akamtazama kama anatazama mtu mlevi. "Leo?"

"Leo."

"Tega basi."

"Nina mtoto ana masikio mawili. La kushoto likatiwa nta, na la kulia likatiwa nta ileile, ili asionekane kilema. Masikio yakakubaliana. Mtoto akaenda akaumiza watu."

Bernadetha hakufikiri hata kidogo. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Kwa kawaida hapo walikuwa wakibishana. Bernadetha alikuwa bahili wa miji. Angetoa Kahama kabla hajatoa Mwanza, na Bukoba hakuwahi kuitoa. Safari hii alisema tu, "Chukua Kaniha," kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Na anayepewa mji ni lazima aende, afike, ale, anywe, ndipo atoe jibu. Véronique akaanza, sauti yake ikiwa ndogo:

"Nimepewa Kaniha, nikaenda Kaniha. Nikafika nikiwa mgongoni kwa mama yangu, sina kitu. Watu wa Kaniha walinitazama kwa mbali. Mmoja akanisogelea. Akanipa chumvi, akanipa moto, mtoto wake akamshika mkono mtoto wangu akampeleka mjini akampa kazi. Nikala Kaniha, nikanywa Kaniha, nikashiba. Na mtoto wangu akashika kikwangulio, kikateleza. Akaziba. Akaziba huku na kule kama nilivyomfundisha, na mtoto wa yule aliyenipa chumvi akapitisha kidole asione kitu. Jibu lake ni ndege, Mama Sostenes. Na aliyetia nta ni Jean Paul."

Inzi walitua kwenye ndizi. Bernadetha alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya magoti, viganja juu.

Alipozungumza hakupiga kelele, na Véronique baadaye alitamani sana kama angepiga.

"Umejua lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi." Alihesabu kwa kutikisa kichwa. "Jumapili nilileta kisamvu."

"Ulileta."

"Nikakaa pale chini ya ule ubao nikasema mwanangu anasingiziwa. Na wewe ukaniambia nile."

"Nilikuwa nangoja yeye aseme kwanza. Nilidhani pengine yatapita. Niliogopa..."

"Mtoto ni mtoto," Bernadetha alimkatiza. "Mkono unateleza. Hata mimi nimewahi kukata mgomba wa watu. Jean Paul ningemlilia, ningemtukana, ningemsamehe, sijui, Mungu ndiye anajua. Lakini wewe ni mtu mzima mwenzangu. Tuliketi karibu namna hii," akapima kwa mkono nafasi iliyokuwa kati ya magoti yao, ambayo haikuzidi shubiri, "kwa sababu niliamini ukiwa na jambo utasema."

Akasimama. Akachukua beseni lake tupu.

"Mji nimekupa," alisema. "Kaa nao."

Véronique alidhani ni hasira ya siku moja. Jumamosi iliyofuata alimwona Bernadetha njiani na panga na mzigo wa vijiti vya minyaa, ile inayotoa maziwa, inayoshika popote hata ukiichomeka kichwa chini. Alikuwa anaichomeka mmoja baada ya mwingine, kuanzia migombani, akaikata njia, akalizungusha jiwe likabaki upande wake, akaendelea mpaka barabarani. Hakuwa na haraka. Kila kijiti alikikanyagia udongo kwa kisigino.

"Mama Sostenes," Véronique aliita kutoka mlangoni. "Angalau nikusaidie kuchimba."

"Nimemaliza, mama." Alisema mama tu, kama unavyomwambia mtu yeyote sokoni.

Mvua za Novemba ziliikuta minyaa imeshika. Sostenes alirudi nyumbani na begi moja, akawa analima mihogo na mama yake. Akikutana na Jean Paul barabarani humsalimia, humwuliza habari za nyumbani, hupita. Hilo ndilo Jean Paul aliloshindwa kulibeba. Alikwenda kwa shangazi yake, kijiji cha Ntobeye, kuchoma mkaa, kazi isiyohitaji kitu chochote kiwe laini. Hupiga simu mara mojamoja. Kuhusu Nimpaye, aliwahi kusema kwamba bado yuko kitandani, na kwamba mama yake ndiye anayemgeuza.

Minyaa sasa imezidi urefu wa mtu. Véronique humenya ndizi zake mlangoni. Siku nyingine, mstari mweupe ukipita juu na mwingine ukaja kuukata, husikia upande wa pili kisu cha mwenzake kikigonga beseni, karibu kabisa, karibu kuliko zahanati. Mara moja alisahau. Alikuwa amepata kitendawili kipya, kizuri, na kabla hajajizuia alikuwa ameshaita kwa sauti, "Kitendawili!"

Kisu kule kilisimama. Kisha kikaendelea.

Mbuzi aliingia tena sebuleni, akabandua palepale. Tundu la ukubwa wa harage, weusi umetoka, ubao unaonekana. Véronique hakuliziba. Ameliacha wazi, katikati ya ukuta, mkabala na mlango, mgeni akiingia alione kabla hata ya kukaribishwa kiti. Hufagia pale chini kila asubuhi. Mgeni hajaja.